Mafuta Yangu na Mafuta ya Kondoo

Kama kuna watu nisioweza kuwavumilia mpaka leo, ni wale wanaobonyeza uvimbe wa mwenzao kwa kidole, wanainamisha kichwa kidogo, kisha wanatangaza, "Ah, hayo ni mafuta tu." Mafuta tu! Niliambiwa hivyo na mama mboga, nikaambiwa na jirani aliyekuja kuomba chumvi, nikaambiwa na mhubiri mmoja aliyeniombea huku amefunga macho na kuweka mkono mahali ambapo mkono wa mhubiri hauna kazi. Mwaka ule kila mtu Ruiru alikuwa daktari. Mgonjwa nilikuwa mimi peke yangu.

Uvimbe wenyewe ulikuwa nyuma ya kwapa la kulia, pale bega linaposhuka kukutana na mbavu. Ilikuwa ndani ya miaka ya tisini, nami nilikuwa nakaribia thelathini. Nilikuwa msusi. Nilikuwa na kibanda changu cha mabati pale Kimbo, kiti cha mteja, benchi la wanaongoja, na kioo kilichopasuka pembeni. Watu wanaona vidole vya msusi vikienda mbio wanadhani kazi iko kwenye vidole. Wapi! Kazi iko kwenye bega. Asubuhi mpaka jioni umesimama nyuma ya kichwa cha mtu, mikono imeinuliwa, na yeye anakusimulia mambo ya mumewe hata hujamwuliza. Kibanda kile nilikijenga kabla sijaolewa. Ndicho kitu pekee duniani nilichokuwa nacho bila kulazimika kumwambia mtu asante.

Uvimbe ulianza mdogo kama kile kiazi mtu anachokitupa kwa sababu hakifai kumenywa, na sikuujali. Ukaendelea, ukaendelea, mpaka mkono ukawa haulali vizuri ubavuni. Haukuuma. Kilichonishangaza ni joto. Mahali pale palikuwa na joto kuliko mwili wangu wote, na wateja ndio walionionyesha, maana nikisimama kando kumsuka mtu utosini sikio lake lilikuwa linanigusa papo hapo. "Wee, umeficha chapati huko?" mmoja aliniuliza, na benchi zima likaangua kicheko. Walisema mwenye mafuta amekuja kufungua kibanda mahali panapoitwa Kimbo, jina la mafuta ya kupikia, sasa alitegemea nini? Nilicheka nao. Waliocheka zaidi niliwakaza nywele mpaka nyusi zikapanda.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo Thika. Kiwanda kilikuwa kikilipia matibabu ya familia, nalisema hilo sasa ili mtu asiniulize mbele ya safari. Alikuwa mtu mpole. Watu waliniambia nina bahati ya kuolewa na mtu mpole, watu ambao hawakuishi naye. Ukimwuliza anataka chai au uji, anakujibu, "Chochote." Ukimwuliza twende kwa mamake Jumapili au tukae nyumbani, "Vile utaamua." Mimi nilizaliwa katika nyumba ambamo tuligombania hata upande wa kulala, na upole wa namna ile niliuona kama ugonjwa. Ni yeye aliyesema twende tukaonane na daktari, lakini alilisema kwa sauti ndogo hata nikadhani anaongea na redio.

Daktari wa upasuaji alikuwa akija mara moja kwa wiki katika kliniki moja ya Thika, na siku hiyo wauguzi wote walikuwa wakinyata. Nilimdharau kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyoitazama saa yake. Alinibonyeza kwa vidole viwili kama anayechagua nyanya. Akauliza uvimbe umekua kwa muda gani, lakini alimwuliza mume wangu. Akauliza kama nimekonda, akamwuliza mume wangu. Kisha akazungumza Kiingereza juu ya kichwa changu utadhani mimi ng'ombe niliyeletwa mnadani. Kiingereza nilikuwa nakisikia vizuri sana. Nilifika kidato cha nne, mimi.

Alisema uvimbe ulio ndani hivi, unaokua, na juu ya hayo una joto, hiyo ni kansa ya mafuta. Kuchomoa kipande kwa sindano hakuna haja, ukiidunga inasambaa. Dawa yake ni kukata mapema, mkono pamoja na bega.

"Mkono gani?" nikauliza kwa Kiswahili.

Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Wa kulia, mama."

Wa kulia! Utadhani nilikuwa nimemletea mikono sita achague. Nikamwambia papo hapo kwamba afadhali nizikwe na mkono wangu. Hakubishana. Alisema nikafikirie, ila nisifikirie sana, akaangalia saa tena. Njia nzima kurudi nyumbani mume wangu hakusema neno. "Sema kitu," nikamwambia. "Nafikiria," akasema. Nikamwambia afikirie kwa sauti basi, nisikie. Hakufikiria kwa sauti.

Sasa, miongoni mwa wateja wangu wa Jumamosi kulikuwa na daktari mwanamke aliyeishi Ruiru na kufanya kazi Nairobi, daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili. Sikumpenda. Alikuja na kitana chake mwenyewe kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kana kwamba vyangu vina ukoma, na akishakaa anafungua kitabu, hana habari na umbea wa mtu. Mteja asiyetaka umbea anakuja kwa msusi kufanya nini? Lakini alikuwa na nywele nzuri za kusukwa matuta, na nywele nzuri huwa sizikatai.

Jumamosi ile nilikuwa nimeinama namalizia tuta la nyuma ya sikio, akafunga kitabu ghafla. "Hilo joto ni la nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa hasira, na daktari wa Thika nikamwigiza na vidole vyake viwili. Hakucheka. Aliomba ashike, akashika kwa kiganja kizima.

"Alikupiga picha?"

"Alipiga saa yake jicho."

"Sitanii, mama. Alikupiga picha yoyote?"

Nikasema hapana. Basi akaanza kunifundisha, na mimi nikiwa nimeshika nywele zake mkononi, benchi zima likisikiliza. Alisema mwili wa mtu una mafuta ya aina mbili. Kuna mafuta meupe, haya ya tumbo na makalio ambayo kila mtu anayajua, na hayo kazi yake ni kuweka akiba. Halafu kuna mafuta ya rangi ya kahawia, na hayo kazi yake ni kuungua yatoe joto. Mtoto mchanga huzaliwa nayo nyuma ya shingo na kati ya mabega, kwa sababu mtoto mchanga hajui kutetemeka akisikia baridi. Mtu akikua yanapungua mpaka yanakaribia kwisha, lakini mara moja moja kipande husalia mahali, kikaanza kukua chenyewe. Kinakuwa na damu nyingi na joto. Na hakiui mtu.

"Na utajuaje ni hayo na si kansa?"

Alisema Nairobi kulikuwa na mashine ya sumaku, wanaiita MRI, ambayo wakati ule hata madaktari wengi walikuwa wakiisikia tu. Inapiga picha bila kukata wala kuchoma. Mle ndani mafuta meupe hung'aa sana, na haya ya kahawia hung'aa pia lakini kwa kufifia, na mishipa ya damu huonekana imepita katikati. "Sijasema ndiyo hayo," akaongeza. "Nimesema asikukate kabla hatujaangalia." Kisha akafungua kitabu chake, akaendelea kusoma. Nilikasirika sana. Mtu akikuletea tumaini, si akuletee zima! Yeye aliniletea nusu, na hiyo nusu ikaninyima usingizi kuliko kansa yenyewe.

Hata hivyo alifanya alichosema. Aliongea na daktari wa Thika kwa simu, na yule bwana akakubali nipigwe picha, kwa maneno yake mwenyewe, ili ajue aanzie kukata wapi. Nikapewa siku.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoingia, na alikuwa hajawahi kuingia mahali kimya kimya. Nyumbani tulimwita cucu, yaani nyanya, kwa sababu ya binti yetu, aliyekuwa chekechea na ambaye tulikuwa tumempeleka akae naye huko Kamenu mpaka mambo yatulie. Cucu alikuwa na ploti yenye vyumba vya kupangisha, na nyuma ya vyumba, katika jiko lisilo na dirisha, alikuwa akifuga ngoima. Ngoima kwetu ni kondoo dume anayefungiwa ndani na kulishwa marando ya viazi vitamu mpaka ananona asiweze kutembea. Hafugwi kwa nyama, anafugwa kwa mafuta yake. Mafuta hayo ni baraka, ni dawa ya kifua, ni chakula cha mwanamke aliyejifungua. Zamani kila mji wenye heshima ulikuwa naye. Lakini zamani watu hawakumfuga katikati ya mji wa Thika, ukutani kwa jirani anayefanya kazi zamu ya usiku! Wapangaji walilalamika mpaka wakachoka. Yule kondoo alikuwa akikohoa kama mzee mvuta tumbaku, naye cucu alimpenda kuliko alivyowapenda wakwe zake wote, mimi nikiwa wa kwanza kwa kutopendwa.

Siku moja kabla ya picha tuliitwa Kamenu. Ngoima alikuwa amekwisha kuchinjwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani wanakula, mmoja mmoja wakinipa pole huku wakilamba vidole. Sijui kama kuna dharau inayomtosha mtu anayekupa pole na mfupa mdomoni. Cucu alinipeleka chumbani, akaniambia nivue blauzi. Alikuwa na sufuria ya mafuta yaliyoyeyushwa yakaanza kuganda.

"Mafuta yanaita mafuta," akasema. "Hii itatoa hiyo."

"Cucu, kesho naenda kupigwa picha."

"Si upigwe! Nani amekukataza? Mwari, mwanangu, leta mkono."

Nikataka kukataa. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Kisha nikaona analia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mumewe, na kule kulia kwake kukanikasirisha zaidi, kwa sababu huwezi kugombana na mtu anayelia. Nikainua mkono. Alinipaka mafuta mazito, tabaka juu ya tabaka, kuanzia kwapani mpaka katikati ya mgongo, akafunika kwa kitambaa, akazungusha kingine na kukibana kwa pini. Nisioge. Nisifungue mpaka yaingie yote. Asubuhi niliingia Nairobi nikinuka kama sherehe ya mahari.

Mahali penye mashine palikuwa na baridi na usafi wa kutisha. Mhudumu wa koti jeupe aliniuliza kuhusu chuma: hereni, saa, chuma cha nywele, kifungo, jino la bandia. Aliiona ile pini ya cucu akaruka kama ameona nyoka, akaitoa, akafunga kitambaa upya kwa plasta. Alikunja pua lakini hakufunua. Ukiulizwa kama una chuma, unajibu kuhusu chuma. Hakuna mtu aliyeniuliza kama nina kondoo.

Nikaingizwa kwenye lile pipa nimelala chali, mkono umebanwa kando. Likaanza kugonga. Kelele gani zile! Utadhani mafundi wanabomoa kibanda nawe uko ndani. Nikaambiwa nisitikisike hata kidogo, na mimi ni mtu ambaye hata kanisani siwezi kutulia. Nilifanya nilichoweza kufanya bila kutikisika: nilisuka. Nilisuka akilini kichwa baada ya kichwa, matuta ya kwenda nyuma, matuta ya kuzunguka, na kila nilipofika mwisho wa tuta nilijiuliza kama ndilo la mwisho, na nikaogopa. Ni mara ya kwanza nasema hadharani kwamba niliogopa.

Yule mteja wangu daktari hakuwepo siku ile, alikuwa amesafiri kikazi. Picha ilisomwa na daktari mwingine, mwanamume aliyesomea ng'ambo, ambaye hakuja hata kuniona. Aliona uvimbe, akaona nje ya ngozi tabaka nene jeupe linalong'aa. Katika vitabu vyake hapakuwa na ngoima. Akasema uvimbe ni wa mafuta, ni mkubwa, na umekwisha kutoboa ngozi kutokea nje. Daktari wa Thika akapata habari yake aliyoitaka. Akanipangia siku ya kukatwa katika hospitali ya Thika, wiki iliyofuata, na akamwita mume wangu kutoka kazini aende kutia sahihi, maana siku hizo mwili wa mke ulikuwa ukitiwa sahihi na mumewe.

Naye akatia.

Aliniambia jioni, akiwa amesimama mlangoni, hata viatu hajavua. "Nimetia sahihi."

"Umetia sahihi ya nini?"

"Ya operesheni."

"Nilisema nini mimi? Si nilisema afadhali nizikwe nao? Ulikuwa wapi wakati nasema?"

"Nilikuwepo."

"Alipokuuliza kama mkono wa mkeo ukatwe, ulimjibu nini? Chochote? Vile utaamua, daktari?"

Alivua kiatu kimoja, akabaki amekishika. "Ningefanya nini?" akasema.

Nilimwita bure. Nilimwita gunia. Nilimwambia wanaume wengine wanauza shamba, yeye ameuza mkono ambao si wake, na hata bei hakuuliza. Majirani walisikia yote, na nilipaza sauti ili wasikose hata neno. Alivua kiatu cha pili. Kuanzia siku ile sikumsemesha. Nilipika nikamwekea sahani mezani kwa kishindo, nikalala nimegeukia ukuta. Yeye akaomba ruhusa kazini, akaanza kushinda nyumbani, na nikasema moyoni, haya, sasa ananiwekea matanga kabla ya wakati.

Jumamosi nikaenda kibandani kama kawaida. Mteja wangu alikuwa amerudi. Akaketi na kitana chake cha kwenye nailoni, nikaanza kumsuka kwa hasira. Nikamwambia pongezi, mashine yenu imeona vizuri, uvimbe umetoboa ngozi na wiki ijayo nakatwa.

"Umetoboa ngozi?" Akageuka tuta likaniponyoka. "Hebu." Akanipandisha blauzi pale pale, mbele ya benchi. Akapitisha kidole. "Ngozi yako ni nzima. Haina hata kikovu." Akafikiri. "Siku ile ulikuwa umevaa nini hapa?"

"Kitambaa."

"Na chini ya kitambaa?"

Nikajifanya natafuta kitana.

"Mama, ulijipaka nini?"

"Kondoo," nikasema.

Kitabu kikamdondoka. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kucheka kwenye kibanda changu alicheka mpaka akashika ukuta wa mabati, na benchi likacheka kwa kuwa yeye amecheka. Aki, sijawahi kuchukia kicheko kama kile. Mimi mkono wangu unahesabiwa siku, wao wanacheka! Alipomaliza alijifuta macho, akaniambia nifike Nairobi Jumatatu asubuhi. "Na uoge," akasema. "Kwa maji moto. Usimwambie mama mkwe wako."

Sikumwambia mtu yeyote. Mume wangu nilimwacha aamini naenda kibandani.

Jumatatu, kabla ya kuniingiza tena kwenye pipa, mteja wangu alinionyesha picha ya kwanza kwenye kioo chenye taa. Nilitarajia kuona kitu cha kutisha, nikaona kitu kama nyama kwenye dirisha la bucha, nyeupe na nyeusi. Akaweka kalamu kwenye tabaka la nje. "Huyu ni kondoo." Akashuka kidogo, kwenye mstari mwembamba mweusi. "Hii ni ngozi yako, haijatobolewa na chochote." Akashuka tena. "Na haya ni mafuta yako, yaliyo chini ya ngozi kwa kila mtu. Unaona yanavyong'aa sawa na ya kondoo? Hapo hamna tofauti." Sikufurahi kuambiwa hivyo lakini nilikuwa naona. Kisha kalamu ikafika kwenye uvimbe wenyewe. Ulikuwa mweupe uliochuja, kama chai ya maziwa mengi, na mistari myeusi imepita ndani yake, mishipa ya damu. "Haya," akasema, "si kama ya kondoo na si kama yako mengine. Mwenzangu angepata nafasi gani ya kulinganisha iliyo nzuri kuliko hii? Kondoo amelala hapo hapo kando yake, na yeye akasema vyote ni kitu kimoja." Wakati huo, kwa mara ya kwanza, nilisikia katika sauti yake dharau inayolingana na yangu, nikaanza kumpenda kidogo.

Nikapigwa tena, safi, bila kondoo. Safari hii aliiamuru mashine iyazime mafuta meupe. Inawezekana, sijui wanafanyaje, nilieleweshwa na nikasahau. Kwenye picha mpya mafuta yangu yote yaliyokuwa yaking'aa yalikuwa yamezimika na kuwa meusi tii. Uvimbe haukuzimika. Ulibaki kijivu, katikati ya lile giza.

"Yangekuwa meupe yangezimika na wenzake," akasema. "Nadhani ni ya kahawia. Lakini sitaki kudhani juu ya mkono wa mtu." Akanichoma sindano ndefu, akatoa kipande kikapelekwa kupimwa, akaniambia nirudi kabla ya siku ya kukatwa Thika. Nilirudi siku moja kabla. Alinisomea majibu akiwa amesimama: mafuta ya kahawia, hakuna kansa. Uvimbe utatolewa peke yake, mkono unabaki.

Ningepaswa kwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita Ruiru nikaendelea mpaka Thika, kwa sababu ilikuwa ndiyo siku yake ya kliniki na sikutaka daktari yule apate hata usiku mmoja wa kulala vizuri. Nilimwekea majibu mezani, juu ya alichokuwa akiandika. Akasoma. Akatazama saa. "Una bahati," akasema.

Bahati! Nilimwambia bahati ni yake, kwa sababu angenikata ningemfuata na ule uliobaki. Muuguzi aliziba mdomo. Yeye akasema basi, tutautoa uvimbe tu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa wali umekwisha na akakubali kuletewa ugali. Nikamwambia hataugusa, utatolewa Nairobi na anayejua kuangalia kabla ya kushika kisu. Kweli ndivyo ilivyokuwa baadaye.

Kutoka hapo nikaenda Kamenu kumwona binti yangu. Cucu alipiga vigelegele mpaka wapangaji wakatoka nje. "Nilisema mafuta yanaita mafuta! Nilisema au sikusema?" Nikamwangalia. Ningemweleza kwamba ngoima wake alikaribia kunikatisha mkono. Ningemweleza habari ya picha, ya mstari mweusi, ya kuzimwa na kutozimwa. Alikuwa amembeba mtoto wangu mgongoni akicheza naye uani, amefurahi kama msichana. Nikasema, "Ulisema, cucu." Mpaka anaingia kaburini alijua ni kondoo wake, na Kamenu nzima inajua hivyo. Wajinga hawaishi.

Basi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote, mpaka wapangaji, isipokuwa yule niliyekuwa nimemnunia. Nilifika Ruiru jua likielekea kushuka. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Niliusukuma bila kubisha hodi, maneno yangu yakiwa tayari mdomoni, na yalikuwa maneno makali.

Alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na dirisha, amenipa mgongo. Shati alikuwa amelivaa mkono mmoja. Mkono wa kulia alikuwa ameubana kifuani, ndani ya shati, na kuufunga kwa leso yangu, akazungusha na kukaza. Kwenye chuma cha dirisha alikuwa amefunga nywele za bandia alizozitoa kwenye mfuko wangu wa kazi. Alikuwa anasuka. Kwa mkono wa kushoto peke yake. Uzi mmoja ameubana kwa meno, mwingine kati ya vidole, na wa tatu anauvuta na kidole gumba, polepole, jasho likimtoka. Kando yake sakafuni kulikuwa na misuko mingine aliyokwisha kuifanya, mingi, ya siku nyingi, ile ya kwanza kwanza imefumuka na kuwa vurugu, na hii ya karibuni imeanza kushikana.

Akanisikia. Hakushtuka wala hakuutoa uzi mdomoni. Alisema huku ameuma meno, "Inawezekana. Inachukua muda, lakini inawezekana. Mmoja unashika na meno. Nitakuonyesha."

Ulikuwa msuko mbaya. Sijawahi kuona msuko mbaya kama ule, mteja angeurudisha. Nikasimama pale mlangoni. Nilikuwa nimesema sana kwamba afadhali nife, nikadhani hakusikia. Alisikia, na hakutaka nife. Ndiyo maana alitia sahihi, na ndiyo maana alikuwa amekaa pale.

Nikaenda nikautoa ule uzi mdomoni mwake. "Mkono unabaki," nikamwambia. "Si kansa. Unabaki, mjinga wewe."

Hakunielewa. Alinitazama, akautazama mkono wangu, akaendelea kuushika ule msuko kwa kushoto asiuachie usifumuke, na ilibidi niifungue ile leso mwenyewe. Alikuwa ameikaza vibaya sana, na nilikuwa nalia, ikanichukua muda.